Diski Imekufa, Data Imo Ndani: Maswali Yanayoulizwa Kabla ya Kumkabidhi Fundi

Majibu haya ni ya mtu aliye Uganda, ameharibikiwa na diski, na kilichomo humo hakina nakala kwingine. Mkono wa kwanza kuigusa diski ndio wenye nafasi nzuri kuliko mikono yote itakayofuata. Mchague fundi kwa utaratibu wake wa kazi. Ahadi kila mtu anazo.

Diski inagonga "tik, tik, tik". Nianze na nini?

Izime na uichomoe. Usiiwashe tena, hata kama unataka kutoa picha za harusi tu.

Ndani ya diski ya kuzunguka kuna sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vichwa vya kusoma vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, na punje ya kawaida ya vumbi ni nene kuliko nafasi hiyo mara nyingi sana. Mlio wa kugonga kwa kawaida unaonyesha kwamba kichwa kimeshindwa kusoma alama zinazokiongoza, na mkono unaokibeba unarudi hadi kizuizini na kujaribu upya. Kichwa kikiwa kimepinda, kila mzunguko kinakwangua utando wa sumaku, na utando huo ndiyo data yenyewe. Ukishageuka unga, hakuna maabara itakayoukusanya.

Usiiweke kwenye friji. Ushauri huo bado unazunguka kwenye WhatsApp, na matokeo yake ni unyevu kuganda juu ya sahani. Usiendeshe chkdsk pia. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mfumo wa mafaili ili Windows itulie, na katika kunyoosha huko huandika juu ya diski na kukata mafaili yasiyoeleweka. Kwenye diski nzima hilo linavumilika, lakini kwenye diski inayokufa linamaliza kilichobaki.

Nitajuaje ukubwa wa tatizo kabla ya kwenda kwa mtu?

Sikiliza, kisha angalia.

Diski inazunguka kimya, kompyuta inaiona kwa jina na ukubwa wake sahihi, ila folda hazipo au Windows inataka "kuformati": mara nyingi ni tatizo la mfumo wa mafaili, au kuna sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) chache zilizooza. Hili ndilo jepesi. Usikubali kuformati.

Diski haizunguki kabisa, haina hata mtetemo mkononi: shuku bodi ya umeme iliyo chini yake.

Inalia "piip, piip" kwa mbali kama mbu: mota inajaribu kuzunguka na inashindwa, aghalabu kwa sababu vichwa vimenata juu ya sahani. Hutokea sana kwa diski ndogo za inchi 2.5 zilizoanguka zikiwa zinafanya kazi.

Inagonga, au inaonekana kwa jina la ajabu, au kwa ukubwa wa sifuri: vichwa vimeharibika, au famuweya, yaani programu ya ndani inayoiendesha diski. Famuweya ya diski iko sehemu mbili, kiasi kwenye bodi na kiasi kikubwa kwenye eneo la siri la sahani zenyewe. Ndiyo maana diski isiyo na kosa lolote la kuonekana kwa macho inaweza kukataa kuamka.

Kwa hali mbili za mwisho, fundi anayesema atajaribu programu fulani hajakusikiliza.

Fundi wangu wa kompyuta ni hodari. Kwa nini nisimpe yeye?

Hodari wa kufunga Windows na kubadilisha kioo cha laptopu amejifunza kazi ya kukifanya kifaa kiwake tena. Anayeokoa data hahitaji diski ipone. Anaihitaji iishi saa za kutosha kunakiliwa, kisha ife zake. Malengo hayo mawili yanapingana kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hatua nyingi za kuponya diski zinaandika juu yake.

Akiwa mwaminifu, fundi huyo mwenyewe atakuambia, "Hii siwezi, usiiwashe." Jibu hilo lina thamani. Mafundi wazuri wa Kampala Road na Wandegeya hulitoa, na wengi wao wanajua nani wa kumpelekea.

Nimuulize maswali gani mtu anayejitangaza kuokoa data?

La kwanza na kubwa: "Ukiipokea, hatua yako ya kwanza ni ipi?" Jibu unalolitaka ni kwamba ataichunguza bila kuandika chochote, kisha atatengeneza nakala kamili ya sekta kwa sekta kwenye diski nyingine, na kazi yote ya kutafuta mafaili itafanyika kwenye nakala. Akisema ataichomeka kwenye kompyuta yake aone, shukuru na uondoke na diski yako. Windows ikiiona diski tu huanza kuiandikia vitu vyake na kuisoma ovyo, na kila sekta mbovu inairudia tena na tena hadi kichwa kichoke.

La pili: anatumia kifaa gani kunakili? Kwa kazi nzito, majina yanayojulikana duniani ni PC-3000 ya ACE Lab, DeepSpar na MRT. Vifaa hivi vinaiamuru diski moja kwa moja: viisubiri milisekunde ngapi kabla ya kuiruka sekta mbovu, kichwa kipi kizimwe, isomwe kwa kwenda mbele au kwa kurudi nyuma. Kwa diski yenye sekta chache mbovu na isiyo na mlio, hata programu ya bure ya ddrescue kwenye Linux ni chombo halali kikiwa mikononi mwa anayekielewa. Kumiliki kifaa peke yake hakuthibitishi ujuzi, basi omba kukiona na uulize maana ya kinachoonekana kwenye kioo. Anayekifahamu atafurahi kueleza.

La tatu: kazi ya kufungua diski inafanywa wapi, na nani? Baadhi ya wanaopokea diski ni mawakala tu, wanaituma Nairobi, Dubai au mbali zaidi. Hakuna aibu katika hilo, mradi uambiwe mapema na bei ieleweke. Ubaya ni wakala anayeifungua kwanza kubahatisha, kisha ndipo aitume.

La nne: utanionyesha orodha ya mafaili kabla sijalipa? Na la mwisho: ukishindwa, nitarudishiwa diski katika hali gani, na vipande vyake vyote?

Mtu anayetaja asilimia ya mafanikio kwa simu, kabla hajaishika diski, anauza.

Chumba safi ni lazima, au ni maneno ya kupandisha bei?

Ni lazima kwa kazi moja: kufungua mfuniko wa diski ya kuzunguka. Kiwango kinachotajwa kwa kawaida ni ISO 5, ambacho zamani kiliitwa Daraja 100. Si lazima kiwe chumba kizima. Meza yenye feni na kichujio cha HEPA, inayosukuma hewa safi mfululizo juu ya eneo la kazi, inatosha kwa kubadilisha vichwa. Meza ya ofisi yenye dirisha linalotazama barabara ya vumbi jekundu haitoshi, hata ikipanguswa mara ngapi.

Kwa tatizo la mafaili, bodi, SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) au flashi, chumba safi hakina kazi. Ukitozwa kwa ajili yake, uliza kwa nini.

Ipige diski picha pande zote kabla ya kuikabidhi, hasa stika zinazofunika skrubu na ukingo wa mfuniko. Stika iliyochanika na skrubu zenye mikwaruzo ni ishara ya kwanza ambayo maabara yoyote huitafuta. Diski iliyokwisha kufunguliwa mahali pasipofaa hutozwa zaidi, au hukataliwa.

Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, diski ikafa kimya. Nimeambiwa ninunue diski kama hiyo nihamishe bodi. Ni kweli?

Ilikuwa kweli miaka mingi iliyopita. Siku hizi bodi ina chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo moja tu: vichwa vyake vilivyopimwa kiwandani, mkondo wake, marekebisho yake. Ukiweka bodi nyingine, hata ya modeli ileile, diski huzunguka na kugonga au kukataa kusoma. Njia sahihi ni kuitoa chipu ya ROM kwenye bodi iliyoungua na kuichomelea kwenye bodi mpya, au kunakili yaliyomo. Ni kazi ya fundi wa elektroniki mwenye bunduki ya hewa moto na mkono mtulivu, na Kampala wapo. Muulize swali moja: "ROM utaifanyaje?" Asipokuwa na jibu, usimpe.

Kabla hata ya hapo, apime diodi za kinga, zile za TVS zilizo karibu na kiunganishi. Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12 na 5, ya inchi 2.5 hutumia 5 tu. Umeme ukizidi, diodi hujitoa mhanga: huungana na kuizima bodi nzima ili vingine visalimike. Ikiwa ni diodi pekee iliyokufa, kuiondoa kunaweza kuiamsha diski papo hapo. Baada ya hapo haina kinga, kwa hiyo iwashwe kwenye chanzo safi cha umeme, inakiliwe, basi.

Sababu nyingine tunayoiona sana haihusiani na Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla) wala nguzo ya barabarani. Ni chaja ya laptopu ya volti 19 kuchomekwa kwenye diski ya mezani inayotaka 12, kwa kuwa kichwa cha waya kinaingia vizuri. Andika jina la kifaa juu ya kila adapta.

Diski yangu ni SSD. Mambo ni yaleyale?

Hapana. SSD haina mlio wa kukuonya. Jana ilikuwa nzima, leo haipo. Ikifa kwa kontrola (chipu inayoiongoza SSD) au famuweya, mtaalamu anaweza kuiamsha kwa hali maalumu ya kiufundi ikiwa modeli ya kontrola inakubaliwa na vifaa vyake. Kwa hiyo muulize mapema: "Kontrola ya SSD hii unaiweza?" Kuzing'oa chipu za kumbukumbu na kuzisoma moja moja mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa kontrola nyingi za kisasa huandika data ikiwa imesimbwa, yaani imefichwa kwa msimbo usiosomeka bila ufunguo.

Kama ulifuta mafaili au uliformati, kuna adui mwingine anaitwa TRIM. Windows na macOS huiambia SSD ni maeneo gani hayatumiki tena, nayo huyasafisha yenyewe kwa wakati wake, mara nyingi ndani ya dakika chache. Zima kompyuta hapohapo kwa kukata umeme. Baada ya siku mbili za matumizi, anayekuahidi kurudisha yote anakudanganya, au hajui.

Laptopu ina BitLocker (kinga ya Windows inayoisimba diski), au ni MacBook. Wataweza kupita?

Hakuna anayepita. Kwa BitLocker, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48; mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptopu, au kwa mtu wa kompyuta ofisini. Bila huo, hata nakala kamili ya diski ni kelele tupu. Kwa MacBook zenye chipu ya T2 au za mfululizo wa M, kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi kuu na ufunguo umo ndani ya chipu ileile. Hapo kuokoa data ni kuifanya bodi yenyewe iwake tena walau mara moja, kwa hiyo mtafute fundi wa bodi za Mac mwenye hadubini.

Na hizi diski ndogo za USB za mkononi?

Nyingi za karibuni, hasa My Passport za WD, zina kiunganishi cha USB kilichochomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, na bodi husimba data hata kama hukuwahi kuweka nywila. Kuing'oa diski kwenye kasha lake hakutakupa njia ya mkato, na bodi ya awali haipaswi kupotea. Ipeleke pamoja na kasha na waya wake.

Kabla ya yote, jaribu waya mwingine mara moja, ikiwa diski haina mlio wa ajabu. Inashangaza ni mara ngapi kosa huwa hapo.

Ni seva ya SACCO yetu, ina diski nne za RAID (zilizounganishwa kufanya kazi kama moja), mbili zimekufa.

Izimeni. Andikeni namba kwenye kila diski kufuata nafasi yake, 1 hadi 4, kabla ya kuchomoa hata moja. Msiamuru ijijenge upya na msiweke diski mpya. RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja. Ya pili ikifuata, mara nyingi ile ya kwanza ilikufa wiki kadhaa nyuma bila mtu kuona taa yake. Data iliyomo kwenye ile ya kwanza ni ya zamani, na mfumo ukilazimishwa kuirudisha kazini utachanganya daftari la mwezi jana na la leo. Mtaalamu atazinakili zote nne kivyake, kisha aipange RAID kwa programu juu ya nakala. Asiyeomba diski zote, pamoja na zilizokufa, hajui anachokifanya.

Bei inapangwaje?

Kwa ugumu wa kazi. Ukubwa wa diski una uzito mdogo, na thamani ya data yako isiingie kabisa. Kazi ya mafaili ni nafuu. Ya bodi iko katikati. Ya vichwa ni ghali, kwa kuwa inahitaji diski nyingine nzima ya kutoa vipuri. Diski hiyo lazima ilingane kwa modeli, famuweya, na mara nyingi hata kiwanda na tarehe za karibu. Kuipata huweza kuchukua wiki, nayo hutumika ikaisha.

"Hakuna data, hakuna malipo" ni sharti zuri likiandikwa vizuri. Uliza: je, gharama ya vipuri nitailipa hata mkishindwa? Wengi huitoza, na si dhuluma. Je, mkiokoa nusu nitalipa yote? Orodhesha kwenye fomu folda unazozihitaji kweli, kwa mfano "Hesabu 2021–2024" na "Picha za shamba", na mkubaliane kwamba mafanikio yatapimwa kwa hizo. La sivyo, unaweza kudaiwa pesa kamili kwa maelfu ya mafaili ya Windows yasiyo na faida.

Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 18 ndani yake, na kama utapewa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA). Ukilipa kwa MoMo au Airtel Money, jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kampuni iliyoandika fomu.

Itachukua muda gani?

Diski nzima ya terabaiti 1 inayosomeka kwa megabaiti 100 kwa sekunde hunakiliwa kwa muda usiofika saa tatu. Iliyochoka, inayotoa megabaiti 5 kwa sekunde, itachukua zaidi ya siku mbili mfululizo. Ikishuka hadi 1, ni siku kumi na moja na zaidi. Kwa hiyo uliza pia kama wana betri au inveta ya kutosha. Kukatika kwa umeme katikati ya kazi kunailazimisha diski dhaifu kuamka upya, na kuamka ndiko kunakoiua.

Siri zangu zitalindwa?

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Wanaokusanya na kuchakata data za watu wanatakiwa kujisajili huko, basi omba kuona cheti. Kama diski ni ya zahanati, shule au SACCO, mzigo wa kuwalinda watu waliomo unabaki kwenu pia: muwe na mkataba wa maandishi na huyo fundi, na data ikipelekwa nje ya nchi mjue inakwenda wapi na inalindwaje. Kwa mtu binafsi, karatasi moja inatosha, yenye namba tambulishi (serial number) ya diski, nani ataigusa, nakala itatunzwa siku ngapi baada ya makabidhiano, na kwamba itafutwa.

Niko Arua. Naitumaje Kampala?

Ichomoe kwenye kompyuta. Usitume laptopu nzima isipokuwa kumbukumbu imechomelewa. Iweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha izungushie sponji au plastiki ya mapovu unene wa sentimita 5 kila upande, ndani ya kaboksi gumu ambalo likitikiswa hakisikiki kitu. Karatasi za gazeti hubonyea njiani na kuacha nafasi. Mpe mhudumu wa vifurushi vya basi, chukua risiti, na uombe kisiwekwe chini ya magunia. Afadhali zaidi, mtu unayemwamini aipakate. Kwenye boda boda ivae begani ndani ya mkoba. Isifungwe kwenye keria.

Diski iliyoingia maji usiianike juani na usiifungue. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uifikishe haraka. Matope yakikauka juu ya sahani hushika.

Lini inafaa kuipeleka nje ya nchi?

Pale kazi ni ya vichwa au sahani na hukupata Uganda mtu aliyekuonyesha kwa macho meza ya hewa safi na diski za vipuri. Pia kwa diski za heliamu za ukubwa wa juu, ambazo kasha lake limechomelewa. Nairobi ni safari ya basi moja kupitia Busia au Malaba, na mtu anaweza kuipeleka mkononi. Ukituma kwa kampuni ya vifurushi, iandike kuwa diski iliyotumika, mbovu, inayokwenda kutengenezwa na kurudi, na uzungumze na wakala wa forodha kabla haijaondoka. Kulipishwa ushuru juu ya kitu chako mwenyewe kikirudi kunaudhi. Mwombe pia anayeipokea akurudishie data kwenye diski mpya iliyosimbwa, na nywila aitume kwa njia nyingine.

Nikipokea data, niangalie nini kabla ya kutia sahihi?

Nenda na diski mpya yenye nafasi ya kutosha. Usikubali data irudishwe kwenye ileile mbovu. Fungua mafaili mwenyewe, palepale. Picha, zitazame kwa ukubwa kamili, kwa kuwa kijipicha huweza kuonekana huku picha yenyewe ikiwa nusu kijivu. Video, ruka hadi mwisho. Faili la QuickBooks au Tally, lifungue ndani ya programu yake na uangalie salio la mwezi wa mwisho. Omba pia orodha ya mafaili yaliyoguswa na sekta zisizosomeka. Aliyefanya kazi kwa vifaa vya kweli anaweza kuitoa. Ichukue diski ya zamani na vipande vyake vyote, na ukifika nyumbani tengeneza nakala ya pili kabla ya kufuta chochote popote.